Maunti ya darubini iliyozeeka: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kuikarabati na kuiboresha kwa picha za anga

Maunti ni kitako kinachobeba darubini na kuizungusha ifuate nyota. Majibu haya yanahusu zaidi maunti za ikweta za mtindo wa Kijerumani: mihimili miwili, mmoja (wa RA) ukielekezwa kwenye ncha ya anga, yaani pale nyota zinapoonekana kuzungukia, na wa pili (wa deklinesheni) ukiukata msalaba, darubini upande huu na fimbo ya vyuma vya kusawazishia upande ule. Mwenye maunti ya uma, inayoshika darubini kati ya mikono miwili, atapata mengi ya kumfaa, ila ya mizani yanamhusu kwa namna nyingine.

Maunti yangu ni ya miaka ya 1990. Bado inafaa kwa picha, au najisumbua bure?

Mara nyingi inafaa. Mtindo wenyewe ni mkongwe. Joseph von Fraunhofer, fundi wa lenzi wa Ujerumani, aliutumia kwenye darubini kubwa ya Dorpat (leo Tartu, Estonia) mwaka 1824, yenye lenzi ya takribani sentimita 24, na mhimili wake ulizungushwa na mtambo wa saa ulioendeshwa na uzito unaoshuka. Kazi ya uzito ule ndiyo kazi ya mota yako leo: kuzungusha mhimili mmoja mara moja kila saa 23, dakika 56 na sekunde 4.

Kinachozeeka kwanza si chuma. Grisi hukauka, plastiki hupasuka, waya hukatika ndani ya ganda lake, kapasita huvimba, na rimoti hupitwa na wakati. Gia iliyotoka kiwandani ikiwa nzuri, kama haikuingiwa na mchanga wala kubanwa kupita kiasi, kwa kawaida bado ni nzuri. Kwa hiyo tenganisha mambo mawili mapema: ukarabati, yaani kuirudisha ilivyokuwa, na uboreshaji, yaani kuipa uwezo ambao haikuwahi kuwa nao. Watu wengi hulipia la pili wakati shida yao ilikuwa la kwanza.

Nitajuaje tatizo liko wapi kabla sijafungua chochote?

Pima. Nalisisitiza hili kuliko lolote, kwa sababu maunti ikishafunguliwa bila vipimo vya awali, hutajua kama umeiponya au umeiharibu.

Anza na picha yenyewe. Nyota zikiwa zimevutika, tafuta zimevutika kuelekea wapi. Kuna mbinu rahisi: fungua shata, acha maunti ifuate nyota kwa dakika moja au mbili, kisha zima mota kwa sekunde tano huku shata ikiwa bado wazi. Nyota zitaacha mkia wa takribani sekunde za tao 75 (sekunde ya tao ni sehemu moja ya 3,600 ya digrii), na mkia huo unakuonyesha mwelekeo wa mhimili wa RA. Ikiwa kasoro ya kwenye picha zako inafuata mstari huohuo, mtuhumiwa ni gia au mota ya RA. Ikiwa imekaa msalaba na mkia huo, na inakua polepole bila kuyumba, kwa kawaida hukulenga ncha vizuri. Nyota zikiruka ghafla, shuku kebo iliyonaswa mahali, klachi (kifungo kinachoshikanisha mhimili na gia yake) inayoteleza, au ulegevu wa gia za deklinesheni. Zikitapakaa kila upande, ni upepo, sakafu inayotikisika au hewa yenyewe.

Kisha chukua kipimo halisi. Programu ya PHD2 ni ya bure na inaweza kurekodi mwendo wa nyota bila kutuma marekebisho yoyote kwa maunti. Zima tu utumaji wa amri na uiache irekodi kwa mizunguko mitatu au minne ya wormu, skrubu inayosukuma gia kubwa (inaelezwa hapa chini). Hifadhi faili hiyo. Ndiyo utakayolinganisha nayo baada ya kila hatua ya ukarabati.

Wormu ni nini, na hitilafu inayojirudia kwenye mwendo wa maunti inatoka wapi?

Wormu ni ile skrubu nene inayolala kando ya gia kubwa ya mhimili na kuisukuma jino kwa jino. Ikizunguka mara moja, gia kubwa inasogea jino moja. Hakuna wormu iliyonyooka kikamilifu, kwa hiyo katika kila mzunguko kuna sehemu inayoharakisha kidogo na nyingine inayochelewesha kidogo, na kosa hilo linarudi kila wormu ikirudi pale pale.

Muda wa mzunguko unategemea idadi ya meno. Gawanya sekunde 86,164 za siku ya nyota kwa meno ya gia kubwa: meno 180 ni sekunde 479, meno 144 ni 598, meno 135 ni 638. Ukiona wimbi lenye muda huo kwenye grafu, umekutana na wormu. Ukiona mawimbi mafupi yaliyopanda juu yake, hayo ni ya gia ndogo zinazounganisha mota na wormu, na dawa yake ni nyingine kabisa.

Kosa la kiasi gani ni baya?

Inategemea lenzi na kamera yako. Zidisha ukubwa wa pikseli kwa mikroni na 206.265, kisha ugawanye kwa urefu wa fokasi kwa milimita. Utapata kila pikseli inaona sekunde ngapi za tao. Kamera ya pikseli za mikroni 3.76 kwenye lenzi ya milimita 200 inaona 3.9. Kamera hiyohiyo kwenye darubini ya milimita 500 inaona 1.55.

Sasa chukua maunti yenye kosa la sekunde 20 za tao kila upande, jambo la kawaida kwa maunti za bei ya kati, na wormu ya sekunde 479. Mahali wimbi lilipo kali zaidi, nyota inahama karibu sekunde ya tao 0.26 kila sekunde. Katika picha ya sekunde 30 ni karibu sekunde 8 za tao: pikseli mbili kwenye lenzi ya milimita 200, jambo la kuvumilika, na pikseli tano kwenye darubini ya 500, jambo lisilovumilika. Maunti moja, usiku mmoja, na watu wawili watatoa hukumu mbili tofauti, wote wakiwa sahihi. Kabla hujailaumu maunti, jaribu lenzi fupi.

Nahisi ugumu nikizungusha mhimili kwa mkono, hata klachi ikiwa wazi. Ni grisi?

Karibu kila mara. Baadhi ya viwanda vilijaza grisi nzito inayonata, nzuri kwa kuficha ulegevu wa gia dukani, mbaya miaka 20 baadaye ikishaganda na kugeuka nta ya kahawia. Fungua, kwangua grisi yote, osha kwa mafuta ya taa au spiriti mahali penye hewa, mbali na moto, ukiwa na glavu. Tumia brashi ya mswaki kwenye meno ya gia. Usiweke plastiki wala pete za mpira kwenye kiyeyushi kabla hujajaribu kwenye kona moja. Kausha kabisa.

Grisi mpya iwe ya sintetiki, nyepesi kiasi, isiyoshambulia plastiki. Zenye PTFE (teflon) zinafaa. Utando mwembamba unatosha: ukiona vilima vya grisi kando ya meno, umezidisha. Na zile dawa za kupuliza za kulegezea kutu si grisi. Zinayeyusha grisi iliyobaki, kisha zinakauka na kukuachia chuma juu ya chuma.

Nahitaji vifaa gani ili kuifungua?

Seti nzuri ya alenki, ya milimita na ya inchi kama maunti ni ya Marekani. Bisibisi zinazokaa sawasawa kwenye vichwa vya skrubu. Koleo la ringi za springi. Nyundo ya plastiki. Na trei yenye vijumba. Piga picha kila hatua, na uweke alama ya kalamu pale gia mbili zinapokutana. Washa, yaani zile pete nyembamba zinazotoka katikati ya vipande, ndizo zinazopotea, na ndizo zinazoweka nafasi sahihi kati ya vipande hivyo, kwa hiyo ziandikie zilikotoka. Alenki iliyochakaa itupe: skrubu ikishaliwa kichwa, kazi ya saa moja inakuwa ya wikendi.

Nawezaje kurekebisha ulegevu kati ya wormu na gia kubwa?

Hapa ndipo penye faida kubwa, na ndipo watu wanapoharibu.

Funga klachi, ondoa darubini na vyuma, shika ncha ya fimbo na uitikise taratibu. Ukisikia “tok-tok” ndogo, kuna nafasi. Lakini chunguza kwanza nafasi hiyo iko wapi, kwa sababu inaweza kuwa sehemu mbili. Shika wormu yenyewe kwa vidole na ujaribu kuisukuma kwa urefu wake. Ikisogea mbele na nyuma kama bolti ya mlango, tatizo ni nati ya pete inayobana beringi zake, wala si meno. Kaza nati hiyo mpaka usogeaji uishe na wormu bado izunguke kwa vidole bila kukwaruza, basi. Ukiikaza zaidi, beringi zitaanza kusaga na grafu yako itajaa vimeno vidogo ambavyo havikuwapo.

Baada ya hapo, njoo kwenye meno. Kizuizi cha wormu hushikwa na bolti mbili au nne, na skrubu ndogo zisizo na kichwa zinazokisukuma au kukivuta. Legeza bolti kidogo tu, zungusha skrubu ya kusukuma sehemu ya nane ya mzunguko, kaza bolti, jaribu tena. Kukaza bolti nako kunahamisha kizuizi, kwa hiyo kipimo cha kweli ni baada ya kukaza. Ulegevu ukikaribia kwisha, zungusha mhimili digrii 360 nzima kwa mota na usikilize. Gia kubwa huwa si duara kamili. Kuna upande itabana kuliko mwingine, na mota itabadilisha sauti, itakuwa kama inalalamika. Rekebisha kwa kufuata upande huo unaobana, si ule uliolegea. Hii ina maana kwamba kwingineko kutabaki ulegevu kidogo, na lazima uukubali.

Kwenye baridi alumini husinyaa zaidi kuliko shaba na chuma. Maunti iliyokazwa mpaka mwisho mchana wa joto inaweza kukwama usiku wa manane.

Na huo ulegevu unaobaki?

Upande wa RA, usisawazishe kikamilifu. Acha upande wa mashariki uwe mzito kidogo, ili mota iwe inanyanyua mzigo muda wote na meno yakae yamegusana upande mmoja. Ukivuka mstari wa katikati ya anga, ule wa kaskazini hadi kusini, sawazisha upya. Upande wa deklinesheni, wengi huacha makusudi kosa dogo la kulenga ncha, nyota ihame polepole upande mmoja, na programu isahihishe kuelekea upande mmoja tu bila kugeuza gia.

Beringi zibadilishwe?

Zikikwaruza baada ya kuoshwa, ndiyo. Namba huwa imechongwa kwenye pete: 608 ni milimita 8 kwa 22 kwa 7, 6001 ni 12 kwa 28 kwa 8, na ukubwa huo ni wa kimataifa, haujali nani aliunda maunti. Nunua za kampuni inayojulikana. Ukiipachika mpya, sukuma pete inayobana, si ile huru, la sivyo unapitisha nguvu ndani ya gololi na kuziharibu kabla hazijafanya kazi.

Kuweka mkanda badala ya gia ndogo kunasaidia kweli?

Kunasaidia pale ambapo kosa linatoka kwenye hizo gia ndogo. Mfano: gia ya meno 47 inayosukumwa na ya meno 12, kwenye wormu ya sekunde 479, hutoa wimbi la takribani sekunde 122. Kwa kuwa 47 haigawanyiki kwa 12, wimbi hilo haliangukii pale pale katika kila mzunguko wa wormu, hivyo hata kumbukumbu ya marekebisho iliyomo ndani ya maunti haiwezi kulifuta. Puli na mkanda wenye meno huondoa ulegevu wa hatua hiyo, hupunguza kelele, na ukichagua uwiano kamili kama 4 kwa 1, kosa lolote linalobaki linajirudia sawasawa na wormu.

Kosa la wormu lenyewe mkanda hauligusi. Ukiona mtu anasema mkanda uliponya kila kitu, kuna uwezekano kwamba kilichomponya ni kuosha grisi siku ileile. Usiukaze kama uzi wa gitaa: mkanda ulionyooka tu bila kubonyea unatosha, na ukizidi unapinda mhimili wa mota.

Rimoti imekufa, au maunti haikuwahi kuwa na kompyuta. Nifanye nini?

Kwanza pima umeme. Maunti nyingi hutumia volti 12, na waya mwembamba mrefu unaweza kula volti nzima au zaidi mota zikikimbia. Pima kwenye plagi ya maunti wakati inazunguka kwa kasi, si kwenye betri ikiwa imetulia. Tarehe ikipotea kila ukizima, angalia betri ya sarafu ndani ya rimoti. Na kipokezi cha zamani cha GPS kikikupa tarehe ya miaka karibu 20 nyuma, hakijaharibika: hesabu ya wiki za GPS ilirudi sifuri tarehe 6 Aprili 2019 baada ya wiki 1,024, na vifaa vingi vya zamani havikuandaliwa. Ingiza tarehe kwa mkono.

Kama ubongo umekufa kabisa, mradi wa OnStep ndio ninaoupendekeza. Ni programu huria ya kuendesha mota za hatua kwa bodi ndogo kama ESP32, na huzungumza na programu za kompyuta kupitia ASCOM au INDI, mifumo ya kuunganisha vifaa vya anga na kompyuta. Hesabu yake muhimu ni moja: hatua za mota kwa mzunguko, mara mgawanyo wa hatua (kila hatua inakatwa vipande vingapi), mara uwiano wa puli, mara meno ya gia kubwa, gawanya kwa 360. Mota ya hatua 200, mgawanyo wa 16, puli 4 kwa 1 na meno 180 inakupa hatua 6,400 kwa digrii, yaani sekunde ya tao 0.56 kwa hatua. Ongeza mgawanyo hadi 32 na hatua inakuwa 0.28, laini vya kutosha kwa darubini nyingi za nyumbani.

Tahadhari moja kuhusu kebo. Soketi za maunti zinafanana kwa umbo lakini volti zake hazifanani. Baadhi ya maunti huzungumza kwa volti 5, na kuzichomeka moja kwa moja kwenye soketi ya zamani ya mfululizo (serial) ya kompyuta, ambayo hutoa volti nyingi zaidi, kunaweza kuunguza bodi papo hapo. Tumia kebo iliyotengenezwa kwa modeli yako.

Nikiweka kamera ya kuongozea, si inafuta makosa yote?

Kamera ya kuongozea ni ya pili, inayotazama nyota moja na kutuma marekebisho kwa maunti. Inafuta yale yanayokwenda polepole. Kosa laini linalojirudia kila dakika nane, hata likiwa kubwa, kamera ya kuongozea inalifuata bila shida. Mruko wa sekunde mbili, beringi inayokwaruza au klachi inayoteleza huja na kuondoka kabla programu haijajibu. Ndiyo maana ulaini wa mwendo una thamani kuliko udogo wa kosa, na ndiyo maana kuosha grisi huja kabla ya kununua kamera ya pili.

Nipo karibu na ikweta na maunti haishuki kiasi hicho.

Maunti nyingi zilichorwa kwa ajili ya latitudo za kati. Ukijaribu kuishusha hadi digrii chache, skrubu ya mwinuko hufika mwisho, au fimbo ya vyuma hugonga mguu wa tripodi. Maunti haihitaji kusimama wima ili ifuate nyota. Inahitaji mhimili wake uelekee ncha tu. Kwa hiyo unaweza kuinamisha tripodi nzima kwa kurefusha mguu mmoja, ukihakikisha uzito haujapita nje ya miguu, au kuweka kabari ya chuma iliyokatwa kwa pembe kati ya tripodi na maunti. Kabari ni imara zaidi.

Nyota ya kaskazini nayo itakuwa chini kwenye vumbi la upeo, au haionekani kabisa, hivyo kidarubini cha kulengea hakina kazi. Tumia mbinu ya kuangalia nyota inavyohama, au programu inayotambua uwanja wa nyota kwenye picha na kukokotoa kosa. Kwa kadirio, kila dakika moja ya tao ya kosa la kulenga huhamisha nyota hadi sekunde ya tao 0.26 kwa dakika. Ukikosea kwa dakika 10 za tao, picha ya dakika tano inaweza kuhama sekunde 13 za tao.

Si bora ninunue maunti mpya ya hamoniki?

Maunti ya hamoniki hutumia gia ya pete nyembamba inayonyumbuka badala ya wormu. Kama unabeba vifaa mgongoni, huenda. Ni nyepesi, hazina ulegevu wa gia, na nyingi hazihitaji vyuma vya kusawazishia. Lakini kosa lake la kujirudia mara nyingi ni kubwa na kali kuliko la wormu nzuri ya zamani, hivyo bila kamera ya kuongozea hazifiki mbali. Kwa anayeacha maunti mahali pamoja, chuma kizito cha zamani kilichosafishwa bado kina hoja nzuri.

Pa kuacha ukarabati pako wazi: meno ya gia kubwa yakiwa yameliwa, mwili ukiwa na ufa, au mzigo wako ukiwa zaidi ya maunti inavyoweza. Ule uzito ulioandikwa kwenye boksi ni wa kutazama kwa macho. Kwa picha, hesabu nusu yake.

Nikinunua iliyotumika, niangalie nini?

Fungua klachi zote mbili na uzungushe kila mhimili kwa mkono duara nzima. Usikie ulaini uleule pote. Funga klachi, tikisa fimbo. Washa, endesha mota pande zote mbili kwa kasi ya juu, kisha kwa kasi ya nyota, ukiwa umeweka kidole kwenye mwili wa maunti. Angalia bolti za mwinuko: zikiwa zimepinda, mmiliki alikuwa anainua mzigo mzima kwa bolti, na hizo unaweza kubadilisha. Angalia vichwa vya skrubu za kizuizi cha wormu. Vikiwa vimeliwa, kuna mtu alishaingia humo kabla yako, na ni haki yako kumuuliza muuzaji alichokuwa anatafuta.